4294967297, namba iliyomzidi akili Fermat

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwa mdomo, nimeiandika karibu vilevile nilivyoongea. Sentensi zikiwa ndefu mnivumilie, ndo naongea hivo.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma habari zenu. Naomba nisizunguke. Naandika namba moja hapa ubaoni na tutakaa na hiyohiyo mpaka mwisho: 4294967297. Tuisome wote, bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Tarakimu kumi tu, ukiiona kwenye karatasi unaweza kudhani ni namba ya simu ya mtu.

Swali langu ni moja, hii ni namba tasa au sio tasa? Yaani ukiacha 1 na yenyewe, kuna namba nyingine inayoigawa bila baki? Nyoosheni mikono... haya, wengi mnasema tasa. Nawaelewa. Sio shufwa, 2 imetoka. Haiishii na 5. Jumlisha tarakimu zake unapata 59, kwa hiyo 3 nayo imetoka. Jaribu 7, inabaki 5. Jaribu 11, inabaki 5 tena. 13 inabaki 10. Ukifika hapo mtu wa kawaida ameshachoka, anafunga daftari anasema hii tasa bwana.

Mliosema tasa msione aibu, mmekaa benchi moja na Pierre de Fermat. Huyu alikuwa mtu wa sheria kule Toulouse, Ufaransa, mahakamani ndo kulikuwa kunampa mshahara na hesabu alikuwa anafanya kwa raha zake, na bado karne nne baadaye tunamtaja. Mwaka 1640 akawa anaangalia mfululizo mmoja mtamu sana. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, 4. Izidishe kwa yenyewe, 16. Tena, 256. Tena, 65536. Tena, 4294967296, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32, nitakuwa naandika 2^32 ili chaki isiishe. Sasa kila moja iongeze 1, unapata 3, 5, 17, 257, 65537, na huyu wetu 4294967297.

Tano za kwanza zote ni tasa, unaweza kuhakiki mwenyewe. Fermat akaona mpangilio, akawaandikia wenzake kwamba anaamini zote ni tasa, mpaka milele, ila alikiri kwamba uthibitisho hana. Hilo la kukiri mimi huwa namheshimu nalo. Ila namba ya sita ilikuwa imemdanganya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu mwongo alitembea miaka 92 hajakamatwa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Fikiria unataka kuhakiki kwa mkono. Inabidi ujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili cha hii namba, ambacho ni 65536 na kitu kidogo sana. Namba tasa chini ya 65536 ziko 6542. Kugawanya mara 6542, kila mara namba ya tarakimu kumi, kwa wino. Nani ana huo muda? Na kukosea mara moja tu kunatosha ukalipita jibu bila kujua.

Mwaka 1729 mtu wa hesabu Christian Goldbach akamwandikia barua mwenzake wa hesabu Leonhard Euler, kwa maneno yangu mimi ni kama, hivi unaijua ile kauli ya Fermat? Euler alikuwa kijana wa miaka 22 yuko Saint Petersburg. Mwaka 1732, miaka 25, akaja na jibu: 4294967297 ni 641 mara 6700417. Kwisha habari. Zidisheni wenyewe, 6700417 mara 600 ni 4020250200, mara 40 ni 268016680, mara 1 ni yenyewe, jumlisha zote tatu. Inatoka pale pale. Msitumie kalkuleta za tarakimu nane, mimi yangu ya zamani ilikuwa inanipa herufi E tu nikadhani imeharibika.

Sasa hapa ndo pananoga na ndo sababu nimekubali kuja kuongea. Euler hakugawanya mara mamia. Ukitumia kanuni yake mwenyewe, unagawanya mara tano.

Twende polepole. Mnajua hesabu za saa, saa nane ukiongeza saa saba unapata saa tatu, maana ukifika kumi na mbili unaanza upya, unachojali ni baki tu. Sasa chukua namba tasa yoyote, tuiite p, tuseme ndo inaigawa namba yetu. Tunahesabu kwenye saa yenye alama p. Kama p inaigawa 2^32 + 1, basi kwenye saa hiyo 2^32 ni sawa na hasi 1. Zidisha kwa yenyewe, hasi kwa hasi chanya, kwa hiyo 2^64 ni 1. Maana yake ukiwa unazidisha 2 kwa 2 kwa 2 unarudi mwanzo baada ya hatua 64 kamili, sio kabla, kwa sababu hatua ya 32 ulikuwa upande wa pili kabisa wa saa. Na kuna nadharia inayosema mzunguko wa namna hii lazima uigawe p − 1. Kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 64. Kwa hiyo p ni 64 mara kitu fulani, jumlisha 1.

Mnaona kilichotokea? Zile 6542 zimepukutika. Andika vigawe vya 64 ongeza moja moja: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Gawanya: kwa 193 inabaki 109, kwa 257 inabaki 2 (hiyo 2 ishikeni, tutairudia), kwa 449 inabaki 325, kwa 577 inabaki 288, kwa 641 inabaki sifuri.

Alafu kinachoniuma kwa niaba ya Fermat, ile nadharia niliyosema, ya mzunguko kuigawa p − 1, inatoka kwenye nadharia ya Fermat mwenyewe! Aliiandika kwenye barua mwaka huohuo 1640, miezi michache tu baadaye. Funguo alikuwa nazo mfukoni, mlango uko mbele yake, hakufungua.

Kwa wale wasiopenda kugawanya kabisa, kuna njia ya kuona 641 bila hata kugusa namba kubwa. 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 mara 128, yaani 5 × 2^7. Pia 641 ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Basi, vipande viwili tu hivyo. Kwenye saa ya 641, 5 × 2^7 ni hasi 1. Ipandishe kipeo cha nne, 5^4 × 2^28 ni 1. Lakini 5^4 ni hasi 2^4, si tumesema zikijumlishwa ni 641 ambayo hapa ni sifuri? Ibadilishe, unapata hasi 2^4 × 2^28 ni 1, yaani hasi 2^32 ni 1, yaani 2^32 + 1 ni sifuri. Mistari mitatu. Mimi mara ya kwanza nilipoiona nilikaa nikaisoma kama mara nne hivi nikitafuta wameficha wapi ujanja, hakuna ujanja.

Nimeiita mwongo, ngoja niwaonyeshe uongo wake ulivyo. Ile nadharia ya Fermat inatoa mtihani: kama N ni tasa, chukua 2, ipandishe kipeo cha N − 1, gawanya kwa N, lazima ibaki 1. Tuipe namba yetu mtihani. N − 1 ni 2^32, kwa hiyo tunataka 2 kwa kipeo cha 4294967296, jitu la kutisha, lakini tumeshaona 2^64 inabaki 1, na 64 inaigawa 4294967296 vizuri tu, kwa hiyo baki ni 1. Amefaulu! Namba sio tasa lakini mtihani wa 2 amepita mweupe kabisa. Na sio bahati, namba zote za ukoo huu zinapita mtihani wa 2, zilivyoundwa ndo zinavyomjua msimamizi. Mimi nahisi kama Fermat alijaribu kupima, alipima na 2, maana ndo namba ya karibu, hiyo ni hisia yangu tu msije mkaninukuu kwamba ni historia.

Angetumia 3 mambo yangekuwa mengine. Chukua 3, izidishe kwa yenyewe, chukua baki, zidisha tena kwa yenyewe, fanya hivo mara 32. Ingekuwa tasa ingebaki 1. Inabaki 3029026160. Mara 32 tu, kazi ya siku moja au mbili kwa mtu mwenye subira na karatasi, na tayari umejua sio tasa, japo hujui inagawanyika na nini. Hii watu wengi inawasumbua, unajuaje ina kigawo kama hujakiona? Ndo hivo, ni kama kujua kuna mtu ndani kwa kusikia kikohozi.

Kuna njia nyingine ya kumkamata na hii ndo kipenzi changu. Namba yetu ni 65536 kwa kipeo cha pili jumlisha 1 kwa kipeo cha pili, hilo liko wazi. Lakini pia ni 62264² + 20449². Fanyeni, ya kwanza inatoa 3876805696, ya pili 418161601, jumla ni 4294967297. Euler alionyesha kwamba namba ikiweza kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti, haiwezi kuwa tasa. Na sio kukwambia tu sio tasa, inakutolea na vigawo vyenyewe. Angalia. 65536 toa 62264 ni 3272. 20449 toa 1 ni 20448. KKS ya hizo mbili, yaani kigawo kikubwa cha shirika kama tulivyofundishwa, ni 8. Sasa jumlisha badala ya kutoa, 65536 na 62264 ni 127800, 20449 na 1 ni 20450, KKS yake 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25. 4² ni 16, 25² ni 625, jumla... semeni wenyewe. 641! Na yule mwenzake je? 3272 gawanya kwa 8 ni 409, 20448 gawanya kwa 8 ni 2556, kila moja kipeo cha pili, jumlisha, 6700417.

Haya ile 2 niliyosema mshike. 257 ilibakiza 2. Jaribuni na 3, 5, 17, 65537, zote zinabakiza 2. Maana yake ni kwamba ukishuka hatua mbili, 4294967295, zote tano zinaigawa. Na sio zinaigawa tu, 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 ni 4294967295 kamili. Sababu ni kale ka-hesabu ka form two, (a − 1)(a + 1) ni a² − 1. Anza na 3 × 5 ni 15, mara 17 ni 255, mara 257 ni 65535, mara 65537 unafika. Kila hatua ni namba kutoa moja mara namba kuongeza moja. Kwa hiyo jirani wa mwongo wetu ametengenezwa na wakweli watano peke yao, hakuna mtu mwingine ndani.

Na hao wakweli wana kazi kubwa. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, miaka 18, alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake, kitu ambacho tangu Wagiriki hakuna aliyekijua. Alafu ikaja kueleweka kanuni nzima, na Pierre Wantzel mwaka 1837 akaifunga upande wa pili: umbo lenye pande witiri linachoreka kama idadi ya pande ni zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia, na si vinginevyo. Tunazozijua ni zilezile tano. Kwa hiyo umbo kubwa kuliko yote la pande witiri tunalojua linachoreka lina pande ngapi? 4294967295. Lenye pande 4294967296 nalo linachoreka, unagawa pembe nusu kwa nusu mpaka ufike. Lenye pande 4294967297, halichoreki, 641 amelikataa. Ukiyaweka haya matatu mezani hakuna jicho litakalotofautisha, yote duara tupu, lakini moja haliwezekani milele.

Kwa faida ya wale wanaosema sisi watu wa hesabu hatuna kazi, kuna Johann Gustav Hermes alikaa miaka kumi akiandika jinsi ya kuchora la pande 65537, akamaliza 1894, karatasi zake ziko kwenye sanduku chuo kikuu cha Göttingen. Miaka kumi. Sisemi kitu.

Watu wa kompyuta naona mnatabasamu toka mwanzo, mmeshaijua namba ya katikati, 4294967296. Kaunta ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 za kuweka 0 au 1, inahesabu kuanzia 0 mpaka 4294967295, ukiongeza moja inarudi 0, ukiongeza nyingine inakuwa 1. Kwa hiyo ukimwandikia namba yetu kwenye biti 32, mashine inaona 1. Namba iliyomsumbua Fermat na ikamtafuta Euler, kwa mashine hiyo ni moja tu.

Kuna mtoto mmoja Mmarekani aliitwa Zerah Colburn, alizaliwa 1804, alikuwa anapelekwa London kuonyeshwa watu akipiga hesabu kichwani, akiwa na miaka kama minane hivi. Wakampa 4294967297. Akajibu ni 641 mara 6700417. Kichwani. Waliomuuliza amefanyaje hawakupata maelezo ya maana. Mimi hapo sina la kuongeza, nimekuja na ubao mzima.

Swali? Ndio, dada pale. Anauliza je baada ya hizo tano kuna nyingine tasa imepatikana. Hapana. Inayofuata, 2^64 + 1, Fortuné Landry alichapisha vigawo vyake 1880 akiwa mzee wa miaka themanini na ushee, kidogo zaidi ni 274177. Kuanzia huyu wetu zimepimwa mfululizo 28, zote sio tasa, Fermat kwenye utabiri wake alipatia tano zilezile alizozijua na basi. Ya kwanza ambayo hatujui hali yake ni 2 kwa kipeo cha (2^33), jumlisha 1, hiyo ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, sio ya ubaoni.

Na kijana wa nyuma, sema kwa sauti. Aah. Swali zuri kweli, anasema nimewaambia 641 mara 6700417, sawa, lakini nimejuaje 6700417 yenyewe ni tasa, isije ikawa mwongo mwingine. Hapo Édouard Lucas anatusaidia, yeye 1878 aliikaza kanuni ya Euler, sio 64 bali 128, kila kigawo tasa cha hii namba ni kigawe cha 128 jumlisha 1. Kipeuo cha pili cha 6700417 ni kama 2588. Chini ya hapo, namba tasa za aina hiyo ziko tano, 257, 641, 769, 1153 na 1409. 257 tumeshaitoa. Zimebaki nne, nagawanya hapa mbele yenu: kwa 641 kwa mara ya pili, inabaki 44. Kwa 769, inabaki 120. Kwa 1153, inabaki 334. Kwa 1409, inabaki 622. Zimeisha, hakuna nyingine ya kujaribu. Hii ni tasa kweli, unaweza ukakaa.